Denver Ray Hulsey, Mtu Tuliyemwita Mwizi wa Nyuzi

Denver Ray Hulsey, tunayemzika leo hapa Oildale, alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Machi 1944, kwenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili nyuma ya visima vya mafuta. Wazazi wake, Clete na Opal Hulsey, walikuja California kutoka Wewoka, Oklahoma, mwaka 1937. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi, Verla Jean, ninayewasomea. Haya nimeyaandika mwenyewe na nikayapeleka kwa mchapaji mwenyewe, bila kumwonyesha mtu, hata mume wangu. Sababu mtaisikia.

Masomo yote aliyapata hapa hapa na alimaliza sekondari Juni 1961. Kichwa alikuwa nacho, ila nilianza kumtilia shaka mapema. Alikuwa akijifungia bafuni, anajifunza kuongea kama mtangazaji wa televisheni ili lafudhi yetu ya Oklahoma imtoke. Siku moja nikagonga mlango.

"Unaongea na nani humo?"

"Na watu wa Los Angeles."

"Wako wangapi? Maana na mimi nataka kuoga."

Mwaka 1962 alihamia Los Angeles akajiita Ricky Vale. Mwaka uliofuata alitoa ule wimbo wa pop wa msichana na baiskeli, ambao nyinyi wa umri wangu mnaujua na mnajifanya hamuujui. Halafu gazeti moja la vijana likaandika kwamba Ricky Vale ni mtoto wa pekee, na wazazi wake walizama na boti huko San Diego. Mama alisoma habari za kifo chake mwenyewe saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele. Denver aliapa kwamba yaliandikwa na meneja. Mimi sikuamini, na Mama hakuamini.

Kwa hiyo alipotokea mlangoni Jumapili tarehe 2 Juni 1968, na suruali ya mahameli ya rangi ya zambarau, hakuna aliyemkimbilia.

"Mama," akasema, "pop nimeachana nayo. Nataka kupiga kantri iliyochanganywa na roki. Nimerudi kujifunza gitaa la pedali."

"Mimi si nilizama na boti?" Mama akasema. "Unaongea na nani?"

Mume wangu, Orval Tackett, akacheka hadi akakohoa. "Shemeji, gitaa lile halipigwi na mtu aliyevaa pazia."

Kwa faida ya wageni kutoka Los Angeles, ambao nawaona pale nyuma na kofia mpya bado zina mikunjo ya dukani: gitaa la pedali hulazwa kama meza. Mpigaji anakaa, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na chini anakanyaga pedali na kusukuma vyuma kwa magoti ili nyuzi zipande na kushuka, mpaka lilie kama mtu. Siri yake ni namna mtu anavyozikaza nyuzi zake, na pedali ipi inavuta uzi upi. Ndiyo maana Oildale mpigaji akiinuka, hata kama anakwenda chooni tu, kwanza analegeza nyuzi zote, asije mtu akazigusa nyuma yake na kuichukua sauti yake. Na mwaka ule wapigaji wetu watano walipeana mikono kwamba yeyote anayetoka Hollywood asionyeshwe kitu. Aliyewakutanisha na kuwaapisha alikuwa Orval, wa tano wao.

Sasa Jumapili ile Orval alikuwa ameleta gitaa lake sebuleni kwa Mama. Mama akaita, maharage tayari, mkate wa mahindi unapoa. Tukatoka kwenda kula uani. Orval akaja bila kulegeza nyuzi. Denver akabaki ndani, eti ananawa mikono. Alinawa robo saa.

Aprili 1969 santuri ya Denver ikatoka. Tukaiweka, tukakaa kusikiliza. Wimbo wa tatu, gitaa la pedali likaanza kulia, na kilio kilikuwa cha Orval kabisa, ule uzi mmoja unaoshuka polepole wakati mwenzake umesimama. Orval akanyanyua sahani ya Mama akaibamiza sakafuni.

"Kanichungulia! Ndugu yako kanichungulia, Verla! Nilisahau kulegeza mara moja tu maishani!"

Mtaa mzima ulijua kabla jua halijazama. Toka siku hiyo Denver alikuwa mwizi wa nyuzi. Mama aliondoa kiti cha Denver mezani akakipeleka bandani. Alipopiga simu, mimi ndiye niliyekuwa nikikata.

Tarehe 14 Septemba 1974 alimuoa Luz Arredondo, muuguzi, kule Delano. Nilialikwa, sikwenda. Mwaka 1977 walimpata binti yao Renata. Denver alipiga gitaa lile kwenye santuri tisa, na kila Alhamisi aliwafundisha watoto wa Delano bure. Nilisikia kwamba halegezi nyuzi zake hata siku moja, anayetaka achungulie. Nikasema ni dharau, anatucheka.

Mama alifariki mwaka 1981 akiamini amezaa mwizi. Denver alikuja mazishini. Aliposogea getini hapa hapa, nilimfuata nikamwambia asimame nje ya uzio. Akasimama. Naona aibu kulisoma hili, lakini nimeliandika kwa herufi kubwa kama mengine.

Februari 2015 madaktari waligundua mapafu yake yamechakaa. Agosti mwaka huu Luz alinipigia. "Dada Verla, peke yangu siwezi tena. Anakuulizia." Nilikwenda huku najiuliza hawa wanataka nini kwangu. Nilikuta mtu mwembamba, mirija puani, na gitaa la pedali kando ya kitanda. Akaniomba nilitie mafuta kwa sababu chuma kimoja cha goti kilikuwa kinakwama. Nimekuwa mke wa mpigaji kwa miaka hamsini na sita, hilo naliweza. Nikaligeuza.

Kile chuma kilikuwa na vitobo vitatu vilivyokaa pembetatu, na chini yake imegongwa: 7-68, yaani Julai 1968.

Nani hapa asiyeijua alama hiyo? Orval alikuwa fundi wa karakana ya visima maisha yake yote, na kila anachokitengeneza anakigonga vitobo vitatu. Viko kwenye vishikio vya sufuria zangu. Viko kwenye bawaba za lango la kanisa. Na chuma kile kilikatwa kwa kipimo cha goti la mtu wa futi sita na inchi tatu, kama Denver. Orval, kama mnavyomwona, ni wa futi tano na nusu. Hukikati hivyo bila kumkalisha mwenye goti mbele yako na kumpima.

"Denver, nani alikutengenezea hiki?"

"Kipo tangu zamani."

"Sikuuliza lini. Nimeuliza nani."

"Dada, supu inaungua."

"Hakuna supu jikoni. Nani?"

Akafumba macho. "Nilitoa ahadi, dada. Usinifanye niivunje sasa, nimebakiza siku chache tu."

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Orval. "Sikumbuki," akasema. Mtu anayekumbuka namba ya gari aliloliuza mwaka 1958! Basi nikakaa nikahesabu. Kiangazi kile cha 1968 Orval alikwenda ziwa Isabella kuvua kila Jumamosi, majuma kumi na moja, na hakuleta hata dagaa. Mimi nilidhani ana mwanamke, nikawa nanusa mashati yake. Luz ameniambia kwamba kiangazi hicho hicho Denver alipanga kibanda kando ya ziwa lile. Na zile nyuzi ambazo hazikulegezwa? Mtu aliyekuwa akilegeza nyuzi hata akitaka kupiga chafya, asahau siku ile tu, shemeji yake akiwa ndani? Sidhani alisahau. Nadhani alikuwa anajiwekea la kusema mbele ya wale wanne aliowaapisha.

Denver alifariki Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2016, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Delano, akiwa na miaka sabini na miwili. Hakusema. Miaka arobaini na saba alikubali kuitwa mwizi, na kiti chake kikae bandani, ili mtu mwingine asiitwe msaliti. Au labda nimekosea. Nilishakosea miaka yote hiyo, sijiamini tena.

Ameacha mke, Luz. Ameacha binti, Renata. Ameacha dada mmoja aliyemsimamisha nje ya uzio. Na ameacha shemeji mmoja, Orval Tackett, aliyekaa mstari wa mbele na kofia magotini.

Orval, wale wanne wote wamekwisha kufa. Hakuna wa kukucheka.

Wasifu humalizika kwa kumtakia marehemu pumziko. Kwenye karatasi zenu mstari huo nimeuacha mtupu, kwa sababu si mimi wa kuusema. Mume wangu, simama. Waambie nani alimfundisha ndugu yangu, kisha umtakie wewe.