Tuta la Treni na Shahidi wa Maji

Benchi la Bi Birika, muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali hujifunza kutulia. Asubuhi ile walikaa watatu: Kinyozi, Spika mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, na Injinia, ambaye ni fundi redio. Mawingu yalikuwa yameshuka. Bi Birika mwenyewe alimimina kahawa akiyatazama mawingu, maana nyumba yake iko chini ya lile tuta jipya la treni ya mwendo kasi, lililoziba njia ya maji. Mvua iliyopita maji yaliingia ndani mpaka yakalowesha godoro la mjukuu wake. Mtaa ukaenda mahakamani kuomba ujenzi usimame hadi yawekwe makalavati ya kupitisha maji, na leo jaji alitaka kumsikia mtu aliyeyaona mafuriko kwa macho yake. Bi Birika alikuwa akingoja mmoja wao anyanyuke aende.

— Makalavati ya nini? akasema Kinyozi. Treni ile ikipita, upepo wake tu unakausha mtaa mzima.

— Wewe kanyoe watu, Spika akamkata. Lile si tuta, ni bwawa. Wanatukingia maji yetu, kisha watuuzie kwa ndoo.

Injinia akashusha sauti.

— Nyote mmepotea. Treni yenyewe inaelea. Mafuriko wanayataka wao, ndugu zangu, ipite bila reli.

— Na abiria? akauliza Kinyozi.

— Watavaa maboya.

Spika akacheka, kahawa ikampalia. Bi Birika hakucheka. Tone la kwanza liligonga bati.

— Baba zangu, akasema, muda unakwenda.

— Usitie shaka, Bi Mkubwa, akasema Spika. Jaji leo atatutambua. Mimi ningemwambia, Mheshimiwa, maji yalinifika hapa. Akajishika kifua.

— Wewe si unakaa ghorofani? akauliza Kinyozi. Yalikufika kifuani umelala?

Mvua ikakolea, na pikipiki ikasimama mbele yao. Akashuka binti mmoja, karani wa wakili wa mtaa, anahema.

— Shikamooni. Jaji ameshakaa. Shahidi yuko wapi?

Kinyozi akamtazama Spika.

— Si ulisema utakwenda wewe?

— Nilisema hivyo siku ya Ijumaa. Na wewe ukasema utakwenda. Na Injinia akasema.

— Ndiyo maana nikatulia, akasema Injinia. Nilijua mpo wawili.

— Kwa hiyo ni nani? akauliza karani.

Kila mmoja akamsukuma mwenzake. Benchi likayumba upande wa tofali.

Bi Birika akainua birika, akaimwaga kahawa yote juu ya makaa. Moshi ukawafunika wote watatu. Akajitanda mtandio, akapanda nyuma ya pikipiki.

— Mwanangu, nikifika nitasema nini?

— Ulichokiona tu, mama.

Bi Birika akageuka kutazama chini ya tuta. Maji yalikuwa yameshaanza kuufuata mlango wake.