Shangazi Hansa na Moto Wake

Ndugu waombolezaji, asiyeniamini abishe sasa, kabla hatujatoka kwenda kwenye kuni za kumchomea marehemu: shangazi yangu Hansa Vrajlal, mliyemwita Mama Vitenge, aliijua dini yetu kuliko wanaume wote wa Kihindu wa Songea, na nayasema haya mimi Nilesh, niliyeishia kidato cha pili, nikiwa na akili kuliko wenye digrii waliojaa huko nyuma.

Alizaliwa Tunduru tarehe 14 Machi 1951, akasoma hadi darasa la sita, babu akamtoa kwa kuwa ni msichana, ilhali babu huyohuyo kila asubuhi alimwashia taa Saraswati, mungu wa kike wa elimu, akiomba watoto wa kiume wafaulu, na hawakufaulu, baba yangu akiwemo.

Tarehe 9 Mei 1969 aliolewa na Vrajlal, mwenye duka la vitenge hapa Majengo, na kwa vile kila siku mnatuuliza kama tunaabudu ng'ombe, leo nawasomesha bure: Mungu kwetu ana sura nyingi, na za maana ni za kike, utajiri ni Lakshmi, vita ni Durga juu ya simba wake. Mke wa nyumbani, asiye na simba, hupewa kufunga: kila mwaka shangazi alishinda bila chakula, akazungusha uzi kwenye mti, ili mume aishi sana. Jirani yake Mama Honorata akamuuliza, "Da Hansa, na yeye anakufungia lini?" Akajibu, "Huyu akikosa chai ya saa nne tu, tutaweka matanga." Vrajlal alifariki mwaka 2009, ameshiba.

Alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, Ila, mwaka 1974, na ukoo ukampa pole badala ya hongera. Figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2022, Ila ndiye aliyemwogesha na kumlisha, sisi wanaume tukileta ndizi na ushauri, hadi jana, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipofariki.

Kwetu moto huwashwa na mtoto wa kiume, asipokuwepo, mtoto wa kaka, yaani mimi, wanawake wakibaki nyumbani. Wazee walinichagua jana, ndiyo maana mmeniona natamba na shati jeupe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wanaofundisha na Ila, na Mzee Abdulhamid aliyeleta kuni kabla hatujaomba.

Kuna sehemu nimeiruka. Jumapili shangazi alinishika mkono, tukiwa wawili tu, akasema, "Moto auwashe Ila. Waambie." Wazee walipokaa nilinyamaza, kwa sababu nilitaka nionekane mwanamume. Dada Ila, vaa viatu twende, mwenye neno aniambie mimi. Shangazi, nisamehe, kalale salama.