Wimbo wa Nne wa Ummukulthum Gharib

Wasikilizaji wapendwa, assalamu aleikum, na wale wa bara walio nasi, hamjambo nyote. Mimi ni Fairuz. Leo tunamkumbuka Ummukulthum Gharib, mwimbaji wa soul wa Ndia Kuu, hapa Mombasa, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Nawaambia mapema: leo sina upole. Nina hasira, na nimeingia nayo studio. Anayetaka kipindi laini ageuze stesheni sasa hivi.

Ummukulthum Gharib. Sisi tulimwita Kulthum. Alizaliwa ghorofani, juu ya duka la baba yake la sinia na birika za shaba, hapo hapo Ndia Kuu. Mjomba wake alikuwa baharia, na kila akirudi alileta kanda za soul, za waimbaji weusi wa Marekani. Kulthum alikuwa haelewi hata neno moja. Aliiga pumzi zao. Aliiga pale wanapokaribia kulia, na hawalii. Kisha akatia maneno yake mwenyewe ya Kiswahili. Dada yake, Bi Maisara, anakumbuka vizuri: "Alikuwa akiosha vyombo anaimba, mama amwambia nyamaza, watu wapita. Na watu walikuwa hawapiti. Walikuwa wamesimama."

Kwa miaka mingi Kulthum aliimba kwenye sherehe za wanawake tu, zile ambazo simu huachwa mlangoni na kurekodi ni marufuku. Nusu ya mji ilimjua. Nusu nyingine, yaani wanaume, walisikia habari zake kwa wake zao. Mume wake, Khubaib, dereva wa kreni kwenye yadi moja ya makontena Shimanzi, ndiye aliyemwambia sauti hii si ya kufungiwa chumbani. Basi walipokuja watu wa filamu ya "Nyumba ya Pili" kutafuta mwimbaji, Khubaib alikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Kulthum akakubali. Nyimbo nane, albamu nzima ya filamu.

Walirekodi Shimanzi, kwenye ghala lililogeuzwa studio. Fundi mitambo alikuwa Musyoka. Nilimpigia juzi, akacheka kwanza. "Malori, dada Fairuz. Malori yalitutesa. Anaanza ubeti, lori linapita, tunasimama. Mama Kulthum anaziba mdomo kwa mtandio ili asicheke. Mzee Khubaib akitoka zamu anakuja na majasho yake, anakaa juu ya kreti, haongei. Alikuja kila siku mpaka tukamaliza."

Shikeni hapo, wasikilizaji. Nyimbo zote nane zilirekodiwa Khubaib akiwa hai. Narudia. Khubaib alikuwa hai, amekaa juu ya kreti.

Halafu Khubaib akafa. Moyo, ghafla, akiwa kazini. Kulthum akaingia eda. Kwa msikilizaji asiyejua: mjane wetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ovyo, haendi kwenye shughuli. Na akiwa humo ndani, filamu ikatoka, na albamu ikatoka nayo. Haikuwa shauri lake. Watu wa filamu walikuwa na tarehe yao.

Kipindi hiki hiki kikafungua simu, tusikie maoni yenu. Mwanzo ulikuwa mzuri. Ndinda wa Tononoka alisema, "Nimeunguza maharagwe kwa sababu ya huyu mama, na sijutii." Joab wa reli alisema sauti ni tamu lakini gitaa limezidi. Hayo ni maoni. Mtu amesikiliza, amesema lake, hakuna ugomvi.

Kisha akapiga Bwana Abdulbasit. Mnamjua. Mshereheshaji, bwana wa maneno, arusi gani ya mji huu haijapita mkononi mwake? Aliisherehesha hata arusi ya Khubaib na Kulthum. Khubaib alikuwa rafiki yake, walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila alasiri. Sauti yake ninayo bado kwenye kumbukumbu za stesheni. Sikumwomba ruhusa ya kuirudia. Aliyasema hewani, nami nayarudisha hewani. Alisema hivi: "Mume hajapoa kaburini, mke yuko studio aimba mapenzi ya sinema. Hiyo ndiyo eda ya siku hizi? Albamu hii mimi naipa sifuri."

Na nyinyi mkaitikia! Mmoja akataka tusiipige tena. Mwingine akasema familia nzima haina haya. Mama mmoja, ambaye Kulthum alimwimbia siku ya arusi yake mwenyewe mpaka akina mama wakavua viatu kwa kucheza, huyo alisema, "Mimi nilijua tu." Ulijua nini, mama? Nambie leo, ulijua nini?

Nilisema hapa, si mara moja, kwamba nyimbo zilirekodiwa kabla ya msiba. Mkaniambia namtetea shoga yangu. Musyoka alipiga simu akasema hivyo hivyo. Mkamwambia yeye ni mtu wa bara, hajui ada zetu. Basi nikavaa buibui langu nikaenda Ndia Kuu, nikapanda ngazi mpaka kwa Kulthum, na kinasa sauti mkobani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, kanga nyeupe, uso umekauka. Nikamwambia, "Sema neno moja tu. Sema ulirekodi kabla. Nalitia hewani leo."

Akatikisa kichwa. "Fairuz, mimi niko edani. Siku hizi ni za Khubaib. Siwezi kuzitumia kupiga kelele redioni."

Nikamwambia wanamchafulia jina.

"Nawasikia," akasema. "Redio ya jirani iko hapo dirishani. Waache. Nikitoka eda, atakayenijia nitamwambia."

Mmeelewa? Mlimshitaki kuwa amevunja eda, na yeye alinyamaza kwa sababu alikuwa akiitunza. Kila siku aliyokaa kimya mlisema kimya chake ni ushahidi. Angalifungua mdomo, mngalisema, ndiyo hiyo tena, mjane yuko redioni. Mlimfungia milango yote miwili, kisha mkamcheka kwamba hatoki.

Eda ikaisha. Hakuna aliyemjia. Arusi zikapita, mialiko haikufika. Akienda kwenye msiba, wanawake walimpisha mahali pa kukaa kisha wakamgeuzia migongo. Kulthum hakuimba tena. Hata jikoni hakuimba tena. Bi Maisara anasema, "Nilikuwa nikimwomba Mungu, dada yangu aniudhi tena kwa kelele zake kama zamani." Alikaa hivyo miaka miwili. Mwezi uliopita akaugua, na Ijumaa tukamzika.

Na Ijumaa hiyo, nani alikuwa mbele? Bwana Abdulbasit, bega chini ya jeneza. Jumamosi akatutumia salamu za rambirambi kwa sauti yake, na hizi nazo nimezihifadhi: "Tumepoteza lulu ya Mombasa. Albamu ya Nyumba ya Pili nimeisikiliza tangu ilipotoka, siku zote, nyimbo zote, na haswa ule wimbo wa nne."

Haswa ule wimbo wa nne! Basi asubuhi ya leo nikampigia. Nikamsalimu vizuri, nikamuuliza kwa adabu: Bwana Abdulbasit, wimbo wa nne unaishaje? Akasafisha koo. Akasema, "Unaisha kwa kinanda, taratibu, kwa majonzi."

Wasikilizaji, wimbo wa nne hauishi kwa kinanda. Muziki unanyamaza kabisa. Halafu anasikika mwanamume, kwa mbali kidogo, sauti ya mtu aliyechoka na kazi, anasema: "Twende nyumbani, Kulthum." Musyoka alitaka kuikata, watu wa filamu wakasema iache, ni nzuri. Ni Khubaib. Ni sauti ya Khubaib, iko ndani ya albamu tangu siku ya kwanza, na rafiki yake wa kahawa angaliitambua kwa neno moja tu. Angaliisikiliza mpaka mwisho, asingalisema alilolisema. Alitoa sifuri kwa kitu ambacho hakukisikia. Na nyinyi mliomfuata, hamkukisikia pia.

Nilimwambia hayo kwenye simu. Naye akaniomba nimpeleke kwa familia, akatake radhi.

Kabla sijawapa jibu la familia, nitoe pole. Pole Bi Maisara. Pole kwa ukoo wote wa Gharib, na kwa jamaa wa marehemu Khubaib. Mungu awarehemu wote wawili, awakutanishe pema. Musyoka na wenzako wa Shimanzi, Ndinda wa maharagwe, mlisimama naye, tumewaona. Na nyinyi wengine, leo nyumbani kwenu, kabla ya kula, jiulizeni: ni nani mwingine aliye hai sasa hivi, amekaa ndani anawasikia mkimsema, na nyinyi hamjasikiliza hata nusu ya habari yake? Mkimpata, msiniandikie mimi. Mwendeeni yeye.

Sasa jibu. Nilikwenda kwa Bi Maisara nikamfikishia ombi la Bwana Abdulbasit. Alikuwa akikunja nguo za dada yake za kutolewa sadaka. Hakuacha kukunja. Alisema:

"Mwambie mimi hakunikosea. Aliyemkosea alikuwa hapa miaka miwili, mlango wazi, ngazi ni zile zile. Radhi ilikuwa ya Kulthum, na Kulthum ameondoka nayo. Mimi sina ya kumpa. Mwambie asije."

Bwana Abdulbasit, najua unanisikiliza. Nimekufikishia. Sasa naupiga wimbo wa nne, na safari hii usizime.