Kumi na Tisa Waliofaulu, na Kumi na Wawili Wasiohesabiwa

Mheshimiwa Rais wa Chuo, Mkuu wa Kitivo chetu cha Elimu Daktari Hutchcraft, wajumbe wa bodi za shule mliotoka mbali, wahitimu, na ndugu wote mlioacha mifugo yenu Jumamosi hii:

Naanza kwa kuomba radhi. Tangu nilipostaafu, miaka minne sasa, sikukanyaga hapa hadi wiki iliyopita, wala simu zenu sikuzipokea. Hamkunikosea. Nilidhani kazi yangu ilikwisha.

Leo nimeitwa kufunua kibao hiki, kinachotangaza kwamba wanafunzi wetu wote waliofanya mtihani wa leseni ya ualimu mkuu wa jimbo la Texas wamefaulu. Mia kwa mia. Wahitimu kumi na tisa, nawapongeza kwa dhati. Mmesoma huku mkifundisha, na hakuna aliyewabeba. Lakini mimi nikisikia mia kwa mia, huuliza: mia ya wangapi?

Wiki iliyopita nilimwendea Bwana Pruitt, mratibu wetu wa mitihani.

"Walioanza darasa hili walikuwa wangapi?"

"Thelathini na mmoja, Profesa."

"Na waliofanya mtihani?"

"Kumi na tisa. Ah, Profesa, si umestaafu wewe? Nenda kale nyama yako upumzike."

"Nyama nitakula. Hao kumi na wawili wamekufa?"

"Hawajafa, mzee wangu! Jedwali la alama za majaribio lilionyesha wataanguka, basi hatukuwapa kibali."

Kama mjuavyo, hapa kwetu hakuna anayefanya mtihani huo bila kibali cha chuo chake. Na chuo kikiangusha wengi, chenyewe hutazamwa kwa jicho baya. Sasa niambieni: mtabiri anayewazuia mlangoni wale aliotabiri kwamba wataanguka, atakosea lini?

Na jedwali hilo ni nani aliyelitunga? Ni mimi, miaka kumi na sita iliyopita, ili alama za mtihani wa majaribio zituonyeshe nani aongezewe masomo. Ni nani aliyeligeuza kuwa lango, na lini? Hilo nalo nimeliuliza. Kila niliyemwuliza alimtaja mtu aliyeko likizo.

Miongoni mwa kumi na wawili hao yumo Bibi Delfina Arredondo, aliyeketi safu ya nyuma. Hakualikwa, nimemleta mimi. Amefundisha katika shule moja kwa miaka kumi na saba, na tangu Agosti anakaimu nafasi ya mwalimu mkuu. Bodi yake itaamua mwezi ujao. Asipokuwa na leseni, kiti kitapewa mgeni.

Niliomba karatasi yake ya majaribio. Kati ya maswali mia, alijibu hamsini na manane, na hamsini na matatu kati ya hayo aliyapata. Yaliyobaki ni matupu. Bwana Pruitt aliniambia, "Labda alichoka." Nikampigia simu Bibi Arredondo mwenyewe.

"Nilichoka wapi, Profesa! Msimamizi wa mtihani aliniita nje nipokee simu: basi la shule yetu limekwama kwenye kijito, maji yanapanda, watoto ishirini na sita ndani. Ningemwambia nini dereva? Asubiri nimalize swali la hamsini na tisa?"

"Ulirudi?"

"Nilirudi, matope hadi magotini. Wakaniambia, mama, muda umekwisha."

Watoto wote walitoka salama. Jedwali halikuuliza habari hiyo. Lenyewe huhesabu kila pengo kuwa kosa. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu, na leo naikana mbele yenu.

Daktari Hutchcraft, wewe ulikuwa mwanafunzi wangu, na sikukufundisha vibaya. Asubuhi hii umeniahidi kwamba ombi la Bibi Arredondo la kupewa kibali litaamuliwa Jumanne, kabla usajili wa mtihani haujafungwa. Nimekusikia. Lakini ahadi nyingi zimetolewa katika jengo hili, nami nilikuwa mmoja wa waliozitoa. Kwa hiyo kibao hiki sitakifunua leo.

Nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio mliyonipa. Uamuzi ukishatolewa, nitamwandikia kila mmoja wenu kwa jina lake. Bibi Arredondo akipewa kibali, barua yangu itakuwa ya mstari mmoja. Akinyimwa, itakuwa ndefu, na haitaishia kwenu.