Mwenye Ufunguo na Aproni Tano za Wageni

Marehemu, ambaye kazini wote walimwita Mwenye Ufunguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watatu. Mama yake alikuwa na glasi sita za wageni, akazifungia kabatini. Siku moja, akiwa na miaka saba, marehemu alinywea maji glasi mojawapo, akachapwa mpaka mama mwenyewe akalia. Tangu hapo kitu cha wageni hakukigusa tena.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, akaendelea na sekondari, na kwenye kemia hakuna aliyempita. Mwaka 1991 aliajiriwa maabara ya kiwanda cha vioo, akipima ile asidi inayokula kioo. Hakuwahi kuchelewa, wala kuomba glavu mpya maadamu za zamani zinazibika. Wakubwa walimpenda kwa hayo, wakamkabidhi ufunguo wa kabati la aproni nzito za mpira. Zilikuwa tano, mpya, za kuwavika wageni. Yeye na wenzake walivaa makoti ya kitambaa.

Alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, Mungu akawajalia mabinti wawili. Mkewe ndiye aliyekuwa akilitia viraka koti lile.

"Baba watoto, ufunguo si unao wewe? Vaa moja, nani atakuona?"

"Zile za wageni, mama. Nikizichakaza, wakija nitawavika nini, shuka letu?"

"Kwani asidi nayo inachagua wageni?"

Marehemu alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Tarehe 1 Juni 2023 walikuja wageni watano. Aliwavika mmoja mmoja, akawafunga kamba mgongoni, kisha akaanza kuwaonyesha kazi. Asidi ilimmwagikia pajani, ikapenya koti na suruali. Asidi hii mwanzoni huwa haiumi, huzama tu hadi mfupani na kwenye damu. Msaidizi wake alimnong'oneza, "Mzee, vua hiyo suruali tukumwagie maji."

"Mbele ya wageni? Una wazimu wewe?"

Alisimama nao hadi wakapigwa picha. Ndiyo hiyo iliyo kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi, wageni tumewakata. Hatukupata nyingine ambayo anacheka.

Jioni maumivu yalimwingia mfupani. Akipelekwa hospitali aliuliza kama aproni zimerudi kabatini. Kesho yake asubuhi moyo wake ulisimama. Matanga yakiwa bado mabichi, mjumbe wa meneja alifika akaomba ufunguo, ndipo akatoa pole.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada wawili na mama yake mzazi, ambaye glasi zake zote sita bado nzima.

Leo wenzake watano wamelibeba jeneza wakiwa wamevaa aproni zile kwa heshima yake. Meneja amewaagiza wazirudishe zikiwa safi. Mjane anawaomba, kwa jina la Mungu, wasizivue. Kesho waingie nazo kazini.

Bwana ampumzishe kwa amani, mahali ambapo hakuna aliye mgeni.