Wa Saba kwenye Orodha Yake Mwenyewe

Benchi lenyewe liko nyuma ya mnada wa uduvi, pale ukuta unapokata upepo wa kaskazini, na mjini Oosterzijl, pwani ya Uholanzi, kila mtu analiita Benchi la Waongo, wakiwemo wanaolikalia. Mwaka ule wa 2003 wenye benchi walikuwa watatu. Eppo waliyemwita Barometa, kwa kuwa kila asubuhi alitabiri hali ya hewa na kila asubuhi akakosea. Fokko waliyemwita Spana, fundi wa injini za mashua mpaka mgongo ulipomgomea. Na Tjaard waliyemwita Anwani, aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja, akajua mpaka mbwa wa nyumba gani anauma mguu upi. Kahawa ilitoka kwenye chupa ya Spana, nyeusi kama lami, wakiinywa na mkate wa viungo uliopakwa siagi. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano kutoka benchini, ilikuwa karakana ya Geeske Nienhuis, mjane wa kaka yake Tjaard. Geeske alikuwa fundi wa vinanda vya kukanyaga, vile ambavyo zamani hukukosa kimoja sebuleni kwa watu wa kanisa, kwa ajili ya zaburi za Jumapili.

Ilikuwa mwezi wa tatu, baridi bado inauma masikio, Spana alipoanzisha.

— Anwani, hebu tuambie. Shemeji yako amepatwa na nini? Jana nimempita maktaba, kakaa mbele ya kompyuta, miwani imeshuka puani, anagombana na kioo.

— Ana tovuti, Tjaard akasema.

— Ana nini?

— Tovuti. Ukurasa wake kwenye intaneti. Kasoma kozi ya wazee, kautengeneza mwenyewe wiki sita.

Barometa akatema punje ya kahawa.

— Na nani anausoma?

Jibu Tjaard alikuwa nalo. Geeske alimwambia Jumapili walipokuwa wakiosha vyombo: mwezi mzima wameingia watu watatu, na wawili kati ya hao ni yeye mwenyewe. Wa tatu alikuwa bintiye Harmke, aliyeko Assen, na Harmke alipiga simu papo hapo. Mama, akasema, umejionea. Funga karakana, njoo huku, kuna fleti nzuri yenye lifti. Geeske alimjibu kwamba atasubiri mpaka majani ya miti ya kanisani yaishe kupukutika. Kama hakijaingia kinanda, atafunga.

Hayo Tjaard hakuyasema benchini. Mtaani pale alibakiwa na ndugu huyo mmoja.

— Tatizo ni kwamba tovuti haina anwani, akasema. Yaani umejenga nyumba katikati ya shamba, hakuna barabara, hakuna namba. Mimi hata ungenipa baiskeli ya dhahabu, barua yako nisingeifikisha. Sasa kuna saraka humo mtandaoni. Ni kama kile kitabu cha simu, ila hakina karatasi. Lazima aombe aandikwe humo, ndipo watu wamwone.

— Si ajiandike tu?

— Hujiandiki. Unaomba. Kuna mtu anakaa anasoma ombi lako.

— Mtu mzima? Barometa akauliza. Anasoma intaneti yote?

— Hawezi kuwa mmoja, akasema Spana kwa uhakika wa mtu asiyejua. Hawa ni wengi. Wamo chini ya mlima huko Marekani, wamejipanga kama kuku wa mayai, kila mmoja na taa yake.

— Mlima hauwezekani. Kompyuta zinapata joto. Hao wako baharini, kwenye mtambo wa mafuta usiotumika. Ndiyo maana kukiwa na upepo wa kaskazini-magharibi intaneti inakuwa nzito. Mimi nimeichunguza.

— Barometa, wewe hata kompyuta huna.

— Ndiyo maana nina muda wa kuichunguza.

Mwezi wa nne Geeske mwenyewe alivuka barabara, aproni imejaa vumbi la mbao, karatasi mkononi. Hakuketi. Hakuwahi kuketi.

— Moi, wazee, akasalimia kwa lahaja ya kwao. Shemeji, nisomee hii, labda mimi nimekuwa mjinga. Wamenikataa.

Tjaard akasoma. Geeske alikuwa ameomba kuwekwa kwenye sehemu ya Maduka, na mhariri wa saraka amejibu kwa adabu kwamba hauzi kitu chochote.

— Ni kweli siuzi, akasema Geeske. Natengeneza.

Akaomba Makanisa. Wakamjibu kwamba yeye si kanisa. Akaomba Samani, na hapo hata jibu halikuja. Spana alikuwa na dawa yake.

— Badili jina, bibie! Orodha zote zinafuata herufi. Jiite Aaaa Geeske. Utakuwa wa kwanza dunia nzima!

— Watu watadhani nimekanyaga msumari.

— Lakini watakuona!

— Fokko, mimi naitwa Nienhuis. Baba yangu aliitwa Nienhuis. Atakayenitafuta atanikuta kwenye N.

Akarudi karakanani. Spana akamsindikiza kwa macho.

— Kichwa kigumu yule, akasema, na kwa Spana hiyo ilikuwa sifa.

Majira ya joto Geeske aliandikia saraka arobaini na moja. Alikuwa na daftari la mistari, kila saraka na ukurasa wake: jina la mhariri, tarehe, alichoomba, alichojibiwa. Kila barua aliitunga upya. Kampuni fulani ilimwandikia kwamba ingemwingiza kwenye saraka mia tano kwa usiku mmoja, na habari hiyo ilipofika benchini Spana alisimama wima bila kukumbuka mgongo.

— Mia tano! Usiku mmoja! Na amekataa?

— Kasema hataki kuandikwa na mtu asiyejua yeye anafanya nini, akajibu Tjaard.

— Hao walikuwa wapelelezi, akasema Barometa. Nyinyi hamwoni? Wanataka kujua nani kwenye pwani hii ana kinanda. Ukijua vinanda viko wapi, unajua nyumba zipi hazina mtu Jumapili asubuhi.

— Hazina mtu vipi, na kinanda kinapigwa ndani?

Barometa akanywa kahawa yake, akasema mvua itaanza saa sita. Jua likawaka mpaka jioni.

Mwezi wa nane likaja jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Saraka kubwa kuliko zote, ile inayotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, ilimwandikia hivi: Bibi Nienhuis, vinanda vya kukanyaga havina rafu, yaani sehemu yao, kwetu kwa sababu hakuna mtu anayevijua. Wewe unavijua. Tutafungua rafu, na mhariri wake utakuwa wewe.

Asubuhi hiyo benchi zima lilivimba kifua kana kwamba ni wao walioteuliwa.

— Mhariri! akasema Spana. Mwanamke wa hapa kwetu, ng'ambo ya barabara hii!

— Wale watu wa kwenye mtambo wa mafuta, akasema Barometa taratibu. Naye ni mmoja wao sasa.

— Sasa atajiweka juu kabisa. Kazi imeisha. Anwani, mwambie shemeji yako tunaomba keki.

Keki ililiwa, ya tufaha, na ilikuwa nzuri. Lakini wiki sita baadaye Tjaard alifika benchini na uso uliokunjamana.

— Kawaandika wengine, akasema.

— Wengine nani?

— Mafundi wengine. Kawatafuta kwa simu na barua, Uholanzi, Ujerumani, mpaka Denmark. Wako kumi na mmoja. Kila mmoja kampa mistari yake, Kiholanzi na Kijerumani, na kwa kila mmoja kaandika kile anachokifanya vizuri kumzidi yeye Geeske.

— Kumzidi yeye? Kaandika hivyo?

— Kaandika hivyo. Na Hoekstra wa Kampen yumo.

Chupa ya kahawa ikabaki hewani mkononi mwa Spana. Hoekstra huyo ndiye aliyewahi kusimama mbele ya wazee wa kanisa, miaka ishirini iliyopita, akasema sikio la mwanamke haliwezi kupima ndimi za shaba za kinanda, vile vibamba vinavyotoa sauti. Geeske alikuwepo, kiti cha tatu.

— Hoekstra ni wa ngapi?

— Wa nne.

— Na Geeske?

— Wa saba. Kwa herufi.

— Huyu mwanamke ana homa, akasema Spana.

Tjaard hakuvumilia. Alivuka barabara, akasimama mlangoni pa karakana kama alivyosimama miaka yote akiwa na mfuko wa barua, mguu mmoja nje.

— Shemeji, umejichimbia kaburi. Mtu akifungua orodha yako anakutana na watu sita kabla yako, na wote umewasifu. Nani atafika kwako?

Geeske alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu tupu, anapaka nta meza isiyohitaji nta.

— Hoekstra ana mkono mwepesi kwenye ngozi za mvukuto. Ni kweli au si kweli?

— Alikutukana mbele ya watu!

— Tjaard, akasema, na jina lake halisi alilitumia mara chache sana. Wewe ulipokuwa unasambaza barua, ulikuwa unaruka nyumba za watu usiowapenda?

Tjaard akauvuta na mguu wa pili nje. Akarudi benchini, akaomba kahawa.

Majani ya miti ya kanisani yaliisha kupukutika juma la pili la mwezi wa kumi na moja. Harmke alisema Jumamosi atakuja na maboksi. Alhamisi asubuhi wazee walikuwa wamekaa, kofia zimeshushwa usoni, na hata Barometa hakutabiri kitu. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na wote watatu walikuwa wanajizuia kuutazama.

Ndipo gari la mizigo lenye namba za Denmark likasimama mbele yao. Akashuka mwanamke wa makamo, koti la mvua la njano, nywele zimetimka. Alisema kwa Kijerumani, ambacho wazee wa pwani ile wanakielewa hata wasipotaka, kwamba anaitwa Bodil, ametoka pwani ya magharibi ya Denmark, na ameendesha tangu jana.

— Namtafuta Bibi Nienhuis. Nina kinanda cha baba yangu humu nyuma.

Spana alisimama. Barometa alisimama.

— Umempataje? akauliza Tjaard akiwa amekaa.

— Kwenye saraka. Kuna orodha ya mafundi kumi na wawili.

— Lakini yeye ni wa saba!

— Najua. Kwanza nilimpigia wa Kampen, Bwana Hoekstra. Nikamweleza ndimi nne zimepasuka na baba alikuwa hataki zibadilishwe. Akaniambia, kwa ndimi, mpelekee aliyeiandika hiyo orodha. Ana sikio nisilokuwa nalo.

— Hoekstra kasema hivyo? akauliza Spana. Kwa mdomo wake?

— Kwa mdomo wake. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. Mtu anayeweza kuwaandika washindani wake namna ile, huyo naweza kumwachia kitu cha baba. Na kanisani kwetu vipo viwili vingine, vinasubiri nirudi na habari.

Tjaard akavua kofia, akaivaa tena. Macho yalikuwa yanamwasha, na upepo siku hiyo haukuwepo wa kusingizia.

— Mmebahatika, Bodil akaendelea, kukaa mbele yake kila siku. Ila nina swali dogo. Orodha aliandika na Kijerumani, lakini tovuti yake ni Kiholanzi kitupu. Pale juu kabisa, juu ya picha, kuna mstari mmoja kwa herufi kubwa. Nimeutazama jioni nyingi. Unasemaje?

Spana akamtazama Barometa. Barometa akamtazama Tjaard. Miezi minane walikuwa wamebishana habari za saraka na rafu na wahariri na mitambo ya mafuta. Spana akaitikisa chupa, akaimimina, na halikutoka hata tone.

— Hamjaisoma? akauliza Bodil.

Spana akafunga kifuniko cha chupa.

Tjaard akainuka. Walikishusha kinanda wakiwa wanne, Spana akielekeza kwa sauti kwa sababu mgongo haukuruhusu zaidi, wakakivusha barabara. Mlangoni Tjaard hakusimama. Aliingia mpaka ndani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakiweka chini katikati ya sakafu. Geeske alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alifungua kifuniko, akasukuma kanyagio kwa mkono mara mbili, akabonyeza kitufe kimoja cheupe. Ikatoka sauti ya kukwaruza, nyembamba, kama ya mtu aliyeamshwa. Akainamisha kichwa kusikiliza, na uso wake ukawa uso ambao Tjaard hakuwa ameuona tangu kaka yake afariki.

— Mpigieni Harmke simu, akasema bila kugeuka. Mwambieni maboksi abaki nayo.

— Geeske, akasema Tjaard. Mgeni anauliza ule mstari wa juu, kwenye tovuti yako. Unasemaje?

Hapo akageuka.

— Na wewe hujui?

— Sijui.

Hakukasirika. Alipangusa vidole kwenye aproni.

— Mgeni nitamwambia mwenyewe. Wewe nenda maktaba kasome.

Tjaard akatoka kuchukua baiskeli yake ukutani. Nyuma yake akasikia viatu vya Spana vikikokota juu ya matofali.

— Anwani, ngoja, tunaenda wote!

— Miwani yangu iko nyumbani, akalalamika Barometa.

— Njoo hivyo hivyo. Tutakusomea.