Neno la Mama Yenu Dirishani

Sogeeni, wanangu, na wewe kaka mtu izime hiyo simu, maana asubuhi ulisimama mlangoni ukizungumza nayo na mnunuzi wa vyuma chakavu, ukidhani nimelala, akakuuliza habari zangu nawe ukamjibu kwa neno moja tu: "Bado." Mapafu haya yamenitesa, lakini hayajanichoma kama neno lile. Sikulaumu. Mgonjwa asiyepona wala asiyekufa huchosha watu. Ila neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni marehemu mama yenu.

Ushindi wangu mmeusikia kwa watu, na watu hutia chumvi. Siku ile, kwenye njia yetu ya mashindano ya magari nyuma ya kiwanda cha matofali, nilipangwa na kijana waliyemwita Radi, gari lake jipya linang'aa, na langu, nililoliunda mwenyewe kwa injini ya gari la maziwa, wakaliita Mkokoteni, wala hawakukosea sana. Mama yenu aliacha suruali ya mteja kwenye cherehani ina mguu mmoja, akaja na chaki yake ya kushonea, akachora mstari pale magurudumu yangu yaliposimama, akaingiza kichwa dirishani, akasema, "Bado." Kila shindano alisema hivyo hivyo. Hakuwahi kuniambia "nenda", maana kwenda, alisema, hata jiwe likisukumwa linakwenda. Kazi ni kungoja.

Taa za njano za kuanzishia mbio zikashuka moja moja kwenye nguzo yake, Radi akachomoka, mguu wangu ukataka kumfuata, nikalisikia lile "bado" sikioni, nikangoja taa ya kijani. Nikafika mwisho wa njia nyuma yake, nikalaza kichwa kwenye usukani, nikalia kama mtoto, mpaka nikamwona mama yenu anakuja mbio, viatu mkononi, anacheka: "We mwanamume, unalia nini? Mwenzako kaondoka kabla ya taa! Umeshinda!" Haraka haraka haina baraka, huwa tunawaambia watoto, mimi niliiona kwa macho yangu.

Basi furaha yangu ilikuwa hiyo, na imekwisha. Njia imeuzwa, na juu ya mstari ule wa chaki wamepandisha ukuta wa ghala. Mama yenu yuko udongoni. Nanyi, watoto wa tumbo moja, tangu tumzike hamjakaa chumba kimoja ila leo, na leo mmekaa kila mmoja upande wake wa kitanda, kama magari mawili yanayosubiri taa.

Nyumba ni yenu nyote wawili. Cherehani ni ya dada mtu, hilo halina mjadala. Gari langu lile, Mkokoteni, msilikate. Kaka unataka injini, dada unataka kilichobaki, na vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru wenu, yule mnunuzi wa vyuma, yuko barabarani na msumeno wake. Nawausia msilikate, na moyoni najua mtalikata. Sikio la kufa halisikii dawa, na sijui sikio la kufa ni langu au ni lenu.

Basi nifanyieni hili tu. Kabla msumeno haujawaka, ingieni ndani ya gari wawili, fungeni milango, na mmoja wenu amwambie mwenzake neno lile la mama yenu. Mkishalisema mkaona mngali mnataka kukata, kateni, mimi sitakuwepo kuona.

Mungu awape kungoja, wanangu. Sikuwahi kuwa na mali nyingine... Nipeni mikono. Huo mwingine uko wapi? Shikaneni basi, msinishike mimi... Miguu siisikii tena. Njano zinashuka, naziona, na dirishani hakuna mtu... Kaka mtu, inama. Asubuhi ulilisema vizuri, mwanangu. Lile neno... niambie tena.